Machela Iliyotanguliza Miguu

Gaudensi hakuwa mtu wa kukaa. Tangu redio ianze kutangaza vita ng'ambo ya ziwa, mkewe Fransiska alikuwa akimwekea chai mezani na kuikuta imepoa, kiti kimesogezwa upande, na mwenyewe yuko barabarani anapima hatua. Alipima kweli. Alitoka mlangoni kwake Malangali, akaenda hadi njia panda ya Pito, akarudi anachechemea kwa goti lake bovu, akaandika kwenye daftari muda aliotumia. Kesho yake alirudia.

"Vita hivyo si vyako," Fransiska alimwambia. "Vyako ulishapigana. Ukaniletea goti hilo na kibati cha nishani cha kutundika ukutani."

"Vita havina mwenyewe, mama. Vinakuja tu."

"Basi vikija vitakukuta nyumbani, ukae unywe chai."

Hakukaa. Alikuwa sajini mstaafu wa kikosi cha tiba, na katika maisha yake yote jambo moja tu lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwaka wa sabini na tisa, ndani ya Uganda, rafiki yake Adriano alipigwa kigae cha bomu tumboni. Amri ilikuwa majeruhi wasubiri gari. Gari lilikuwa limezama kwenye matope maili mbili tu kutoka pale. Walilisubiri saa sita. Adriano aliuliza mara tatu, "Limefika?" Mara ya nne hakuuliza. Na Gaudensi, mtoto wa Ufipa aliyekulia akiona wagonjwa wakibebwa mabegani kutoka kijiji hadi kijiji, alikaa pale na wenzake saba wenye mabega mazima, wakitii amri.

Kwa hiyo mwaka wa tisini na saba, jeshi lilipomtuma daktari wake Sumbawanga kuandaa huduma za tiba endapo vita vya ng'ambo vingevuka maji, Gaudensi alikuwa wa kwanza ukumbini, amevaa koti la kaki lililopigwa pasi hadi likang'aa viwikoni.

Daktari alikuwa mwanamke, Meja Rhoda, wa makamo, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wanyamaze ili wamsikie. Alitundika karatasi kubwa. Akasema vita vikubwa havileti majeruhi wawili watatu. Vinaleta mia kwa siku, na kesho mia nyingine. Akaeleza watalazwa wapi, damu itatoka wapi, nani atapasua, nani atafunga. Gaudensi alitikisa kichwa kwa kila neno. Mwanamke huyu alijua kazi. Kisha akafika kwenye usafiri.

"Magari ya jeshi hayatatosha," alisema. "Tutaingia mkataba na wenye malori wa hapa mjini."

Wenye malori walikuwa wamekaa mbele, mashati yao meupe, funguo zikiwaning'inia vidoleni. Gaudensi alisimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Afande, naomba kusema."

"Shikamoo mzee. Sema."

"Marahaba. Hawa waheshimiwa nawajua. Risasi ya kwanza ikilia ziwani, malori yao yatakuwa Mbeya yamefunikwa turubai."

Ukumbi ukacheka. Mmoja wa mashati meupe akageuka. "Mzee, hizi ni zama za soko huria. Tukilipwa tunakwenda hata kuzimu."

"Na dereva wako je? Naye atalipwa kiasi gani aende kuzimu?"

Gaudensi alikumbuka vita vile vya zamani, jinsi malori ya ushirika yalivyoondoka Sumbawanga bila kuulizwa, madereva wakipanda na blanketi moja kila mtu na mke akibaki anapunga kanga. Sasa ushirika ulikuwa umekufa bila hata tanga. Maghala yake yalikuwa yakipangishwa kwa wauza mitumba. Hospitali nayo ilitaka mgonjwa achangie kabla hajaguswa. Dawa zilihamia madukani, na mwenye duka hakujua hata kutofautisha kwinini na peremende. Kila kitu kilikuwa na bei isipokuwa mtu, ambaye bei yake ilishuka kila mwaka.

"Unapendekeza nini, mzee?" Meja Rhoda aliuliza. Aliuliza kweli, hakumkejeli.

"Mabega, afande. Machela ya kupokezana."

Akaeleza. Zamani katika nyanda hizi, mtu akizidiwa, mmoja alipanda kichuguuni akaita. Kila nyumba ilitoa mwanamume. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni wa nani. Walitengeneza machela kwa miti miwili na blanketi, wakaweka ngata za nyasi mabegani, wakakimbia hadi mpakani mwa kijiji cha pili, ambako wanaume wengine walishasimama wanangoja kwa kuwa mwito umekwisha kuwafikia. Machela ilihama bega kwa bega bila kugusa ardhi. Kuiweka chini njiani ilikuwa aibu ambayo kijiji kilitaniwa nayo hadi wajukuu.

"Hilo lilikuwa zamani," shati jeupe likasema. "Siku hizi nani atabeba bure?"

Meja Rhoda alimgeukia Gaudensi. "Kutoka kitongoji cha Mlenje hadi hospitali ya hapa mjini ni maili kumi na mbili. Mtu wa jeraha la tumbo anahitaji kufika kabla ya muda wa saa tatu kupita tangu aondoke. Nirudipo baada ya majuma matatu, nionyesheni. Mkifika ndani ya muda, nitaiandika kwenye mpango, na mgambo watafundishwa wilaya nzima. Msipofika, nitaandika malori."

Majuma matatu yale Gaudensi hakulala vizuri wala hakula akamaliza. Alipanga makundi matatu ya watu wanane wanane. Kundi la kwanza lingetoka Mlenje na kuikabidhi machela Pito. La Pito lingeileta Malangali. La Malangali lingeifikisha hospitali. Watu walipatikana, tena kwa urahisi uliomshtua. Pale Pito kundi liliongozwa na Baltazari, mkulima wa ulezi wa rika lake, mwenye mabega kama nira, mtu ambaye katika utoto wao alimshinda Gaudensi kwa kila kitu isipokuwa kusoma.

Tatizo lilizuka Mlenje, siku ya kwanza ya mazoezi. Kitabu cha jeshi kilisema majeruhi abebwe miguu mbele. Sababu yake ni nzuri: wabebaji wa nyuma wanauona uso wake, na akiacha kupumua wanajua. Lakini kwa watu wa njia ile aliye hai hubebwa kichwa mbele, kwa sababu bado anakwenda mahali. Anayetangulizwa miguu ni maiti.

"Sibebi hivyo," kijana mmoja alisema, akaweka mti chini.

"Ni amri ya kitaalamu."

"Basi mtaalamu aje abebe."

Aliyemwokoa alikuwa Nyanda, mfugaji mrefu aliyehamia Mlenje na ng'ombe wake kutoka Usukumani. "Nyie Wafipa bwana," alicheka. "Mnaogopa miguu! Sisi tunaogopa ng'ombe kuibwa tu. Leteni huku, nitashika mbele." Vijana wakaona haya kushindwa na mgeni, wakashika. Baada ya siku nne walikimbia kijeshi, miguu mbele, na hata wakaanza kujivunia.

Gaudensi alipaswa kwenda Pito kumweleza Baltazari jambo hilo. Mara mbili alipanda baiskeli kwa nia hiyo. Mara ya kwanza walizungumza juu ya mvua. Mara ya pili Baltazari alimwonyesha ngata alizosuka, nane, nyasi laini zilizopigwa na kufungwa vizuri, akasema, "Kaka, tangu baba zetu wafe sijasuka kitu hiki. Mikono imekumbuka yenyewe." Gaudensi akasifu ngata. Akajisemea kwamba Baltazari akiambiwa mapema atabisha, lakini akiiona machela imefika mbio, mbele ya daktari wa jeshi, atapokea tu. Akarudi nyumbani, moyo ukimkwaruza.

Siku ilifika. Aliyejitolea kuwa majeruhi alikuwa Yonas, fundi viatu wa Pito, mwembamba, asiye mzito kubeba. Saa moja kamili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabonde, Meja Rhoda alimfunga kadi shingoni: jeraha la tumbo na la taya. Kisha, kwa kuwa alipenda kazi ikamilike, akamfunga bendeji kutoka kidevuni hadi utosini, na mikono akaifunga kifuani asije akaanguka.

"Unaweza kupumua?" alimuuliza.

Yonas akakoroma kwamba anaweza.

"Ukishuka kwenye machela kabla ya hospitali, mtihani umekwisha. Umesikia?"

Akakoroma tena. Meja akaangalia saa yake, akapanda gari kutangulia Pito.

Kundi la Mlenje liliondoka kama lililofukuzwa. Nyanda alikuwa mbele, hatua zake ndefu zikiwavuta wengine. Gaudensi alifuata kwa baiskeli, akikanyaga kwa mguu mmoja zaidi ya mwingine, akipiga kelele: "Bega! Badilisha! Usiniangushie mtu!" Machela ilihama bila kushuka. Walipita mashamba ya maharage, watu wakasimama na majembe yao. Gaudensi alitazama saa: walikuwa wametangulia muda kwa dakika kumi. Akahisi kitu ambacho hakukihisi kwa miaka mingi, kama mtu anayekaribia kutoa mwiba kooni.

Wakaukwea mgongo wa mwisho. Bonde la Pito likafunguka, na kule chini Gaudensi aliwaona watu wanane wamesimama mstari, ngata mabegani, Baltazari akiwa wa kwanza. Gari la Meja lilikuwa kando. Akainua mkono.

Baltazari hakuinua wake. Aliweka kiganja juu ya macho, akatazama. Kisha akavua kofia. Wale saba nao wakavua. Wakatoa ngata mabegani, wakazilaza kwenye nyasi, wakakaa chini.

"Wamefanya nini?" Nyanda aliuliza akihema.

Kabla Gaudensi hajajibu, kilio cha mwanamke kilikata bonde zima. Kikajibiwa na kingine, na kingine. Ndipo alipoelewa, na baiskeli nusura imwangushe. Watu wa Pito waliambiwa majeruhi wa mazoezi atakuja. Wanachokiona kinakuja ni mtu aliyetangulizwa miguu, mikono imekunjwa kifuani, kidevu kimefungwa kitambaa.

"Kimbieni!" alipiga kelele. "Kimbieni, wasilie!"

Lakini maiti inayokimbizwa inatisha kuliko inayobebwa polepole. Walipofika chini, nusu ya wanawake walikuwa wamekimbilia kwenye mahindi. Hellena, mke wa Yonas, hakukimbia. Alikuja amejifunga kanga kiunoni, akapita katikati ya wabebaji, akajitupa juu ya kifua cha mumewe.

"Yonas! Nilikukataza! Nilikwambia michezo ya vita haina mwisho mwema!"

Maiti ikakoroma. Ikarusha mguu. Hellena akaruka nyuma, akamtazama machoni, akaona yamemtoka kwa hofu yake mwenyewe, akamzaba kofi juu ya bendeji.

"Mshenzi wewe! Umelala unanisikiliza ninavyolia?"

Wengine wakacheka, wengine wakaendelea kulia kwa kuwa kilio hakikatwi ghafla. Gaudensi akatupa baiskeli, akamwendea Baltazari.

"Yuko hai. Umeona mwenyewe. Pokea, kaka, muda unakwenda!"

Baltazari hakuinuka. "Nani aliyeamuru aletwe hivi?"

"Mimi. Ni utaratibu wa kijeshi. Tutamgeuza, basi. Pokea."

"Maiti haipokezwi, Gaudensi. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua. Aliyeinyanyua ndiye anayeifikisha. Nikiweka bega langu chini ya kitu kilichokuja hivi, na kesho Yonas akaumwa kichwa tu, mkewe atanitazama mimi."

"Nitamtazama yeye!" Hellena alisema, akimnyooshea Gaudensi kidole.

"Wewe ulijua tangu lini kwamba watamleta hivi?" Baltazari aliuliza.

Gaudensi akaziangalia ngata zilizolala kwenye nyasi. Jibu lilikuwa limeandikwa usoni pake.

"Ukaja kwangu mara mbili," Baltazari alisema polepole. "Ukazungumza mvua."

Hakuna kilichomuuma Gaudensi siku ile kama maneno hayo. Kwa miaka kumi na minane aliwalaumu watu kwamba wameuza desturi zao sokoni pamoja na magunia. Kumbe desturi ilikuwa imekaa Pito nzima nzima, imesuka ngata nane, ikimngoja. Na aliyekuja kuikanyaga ni yeye, na kitabu chake.

"Tufanye nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ashuke. Akanyage ardhi kwa miguu yake, hatua tatu. Mkewe amnyunyizie maji. Kisha apande kama mtu, kichwa mbele, nasi tutambeba hata Mbeya."

Meja Rhoda alikuwa amesogea, saa mkononi. Hakuwa na hasira. "Akishuka mtihani umekwisha, mzee. Jeraha la tumbo halitembei. Bado una muda. Kundi la Mlenje linaweza kuendelea nayo machela mpaka Malangali."

Gaudensi aliwatazama wa Mlenje. Walikuwa wamelowa jasho, lakini Nyanda alishika mti wake na kusema, "Tunaweza, mzee. Tukikaza, tunafika." Ilikuwa kweli. Wangefika, mpango ungeandikwa, karatasi ingepigwa mhuri, na wilaya nzima ingejua machela ya Gaudensi. Ila Pito isingewahi tena kuweka bega chini yake. Karatasi ingekuwa na vituo vitatu na njia ingekuwa na viwili, na siku ya vita mtu angefika bondeni hapa akakuta watu wamekaa chini, kofia mkononi. Angesubiri. Angeuliza mara tatu.

Alitembea duara dogo, akarudi, akatembea tena.

"Mshusheni," alisema.

"Mzee," Meja alionya.

"Nimesikia, afande. Mshusheni!"

Yonas alifunguliwa. Akasimama, akaenda hatua tatu, akaongeza ya nne kwa furaha. Hellena alimmwagia maji, si ya kunyunyiza, kata nzima. Kisha akapanda, kichwa kikielekea mjini. Baltazari akaokota ngata yake, akaipangusa, akaiweka begani.

Gaudensi hakuwa amewahi kuona watu wakibeba namna ile tangu alipokuwa mtoto. Hawakuamrishwa kubadilisha bega. Mmoja alianza wimbo wa pumzi, maneno mawili tu, na neno la pili lilipodondoka machela ilikuwa imehama. Walipofika Malangali walikataa kuikabidhi upesi. Walikimbia na wapokeaji bega kwa bega hatua mia moja, ndipo wakaachia. Baiskeli ya Gaudensi ilibaki nyuma.

Waliingia lango la hospitali saa nne na dakika ishirini na tano, muda umeshapita.

Meja Rhoda alimkuta Gaudensi ameegemea ukuta, akihema. Wenye malori wawili walikuwa wamekuja kutazama. Walisimama mbali kidogo, funguo vidoleni.

"Nitaandika malori, mzee," alisema. "Siwezi kuandika mpango unaoweza kukaa chini kwa sababu ya miguu."

"Andika, afande."

"Kutoka Pito hadi hapa, hata gari langu halikuwaacha mbali. Hilo sitalisahau." Akafunga daftari. "Lakini kutosahau si mpango."

"Hapana," Gaudensi alisema. "Si mpango."

Gari la jeshi likaondoka. Watu wa Pito walikuwa kivulini mwa ukuta wakinywa maji, nao waliofuata kutoka Mlenje na Malangali wamechanganyika nao, wanasimuliana kofi la Hellena kwa mara ya kumi. Baltazari aliinuka, akaja.

"Karatasi imekukataa."

"Imenikataa."

"Sisi hatujakukataa bado. Lakini kuna jambo. Kilichokuja vibaya lazima kirudi vizuri kwa njia ileile, watu wakione. Yonas inabidi arudishwe nyumbani kichwa mbele."

"Mimi silali tena kwenye kitu hicho!" Yonas alipiga kelele kutoka kivulini. "Hata kwa mtutu!"

"Unamsikia," Baltazari alisema. "Basi atarudi yule aliyeamuru."

Gaudensi alimtazama. Alikuwa amebeba watu zaidi ya aliowakumbuka majina, wazima na wafu, katika nchi mbili. Hakuwahi kubebwa. "Mimi nina baiskeli," alisema.

"Nyanda ataisukuma."

"Nikilala hapo, mtabeba tena? Makundi yote matatu? Karatasi isiwepo, daktari asiwepo, malipo yasiwepo?"

"Tangu lini tulilipwa?" Baltazari akauliza. "Lala, bwana. Jua linapanda."

Alilala. Turubai lilikuwa bado na unyevu wa maji ya Hellena. Watu wanane wakainama, wakainuka, na mbingu ya Sumbawanga ikamjia usoni ghafla, kubwa, bila kitu cha kushika. Hakujua aiweke wapi mikono. Walitoka langoni kichwa chake kikitangulia, watoto wakikimbia kando, na mbele ya duka mwanamke mmoja aliuliza nani anaumwa, mtu akajibu, "Sajini. Anaumwa kutokutulia."

Gaudensi aliinua shingo. "Wa kushoto, unachelewa! Badilisha bega kabla ya kilima, si juu ya kilima! Halafu hatua..."

"Nyamaza, mzee," Baltazari alisema, bila kugeuka. "Mgonjwa hatoi amri."

Akarudisha kichwa. Hesabu za hatua zilikuwa bado zinamkimbia kinywani, akazifunga kwa meno. Chini yake bega moja likatoka na jingine likaingia. Alingoja ausikie mshtuko wa kubadilishana, na wakati angali akiungoja, wakawa wameshaanza kupanda kilima.